Vyombo Vitupu kwa Jirani

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mambo ambayo si kawaida kuyasikia mimbarani: masufuria, magodoro, majiko, ndoo na viti. Pengine mtauliza, "Je, mchungaji amekosa neno la kuhubiri hata atuhubirie habari za masufuria?" La, hatukukosa. Neno la Mungu liliingia jikoni kabla yetu, na leo sisi twalifuata tu.

Katika siku za nabii Elisha alikuwako mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mwenye kumcha Bwana. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mjane wa mtumishi wa kanisa. Mumewe alimwachia deni, na mwenye kudai alikuwa amefika kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama huyu akamlilia Elisha. Nabii hakumpa fedha. Kwanza alimwuliza ana nini nyumbani, naye akajibu kwamba hana kitu ila mafuta kidogo katika chupa. Ndipo Elisha akamtuma aende nje kwa majirani zake wote, aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Kisha ajifungie ndani pamoja na wanawe na kumimina. Mama akatii. Mafuta yakamiminika, chombo baada ya chombo, mpaka alipomwambia mwanawe amletee kingine na kijana akamjibu kwamba hakuna tena. Hapo mafuta yakakoma. Akayauza, akalipa deni, na kilichobaki kikawa riziki yake na wanawe.

Ndugu wasikilizaji, tumezoea kuhubiri juu ya yale mafuta. Leo tuviangalie vile vyombo.

Mwujiza ulikuwa wa Mungu, hapana shaka. Lakini kabla ya mwujiza, Mungu alimtuma mjane abishe milango ya watu. Hatuambiwi ni milango mingapi. Twajua tu kwamba mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Kama mama huyu angeona haya, akaenda kwa majirani wawili tu na kurudi upesi kabla hajaonekana na wengi, angepata mafuta ya vyombo viwili, na pengine deni lisingelipika. Tena tuwatazame wale majirani. Kila mmoja alikuwa na chombo kitupu kilichokaa pembeni bila kazi. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya nyumba yake mlikuwa na sehemu ya wokovu wa watoto wawili. Chombo kilikuwapo na shida ilikuwapo, nyumba kwa nyumba, ukuta kwa ukuta. Kilichokosekana ni mtu wa kubisha mlango.

Sasa twawaomba mtusikilize, maana tutaungama kosa letu wenyewe.

Yapata miaka sita iliyopita, mama mmoja wa parishi yetu, ambaye hatutamtaja jina, alipata habari njema. Mwanawe aliitwa shule ya bweni. Ninyi wazazi mwaijua ile orodha inayokuja pamoja na barua ya shule: godoro, sanduku la chuma na kufuli yake, mablanketi, mashuka, ndoo, sahani, kikombe, viatu. Karo ya kwanza mama huyu aliipata kwa kujinyima. Lakini vile vitu vingine vilimshinda. Basi akakopa kwa simu shilingi elfu chache. Siku ya kulipa ilipofika hakuwa nazo, akakopa mahali pengine ili alipe pale pa kwanza. Riba ikazidi kupanda. Mwishowe akachukua mkopo wa chama chake cha akina mama ili afunge madeni yote mawili, na huo nao ukamshinda. Wanachama wenzake wakaja nyumbani kwake, kama kanuni zao zilivyoandikwa, wakachukua meko, kochi, meza na masufuria. Hatuwalaumu. Fedha ile ilikuwa jasho lao pia.

Jumapili tatu mama huyu hakuonekana kanisani. Sisi tulidhani amesafiri kwenda mashambani. Tulipokwenda kumwona alitufungulia mlango nusu, akasema, "Karibu Mchungaji, lakini sina hata kiti cha kukupa." Tukakaa juu ya mtungi wa maji uliogeuzwa. Tukamwuliza, "Mama, mbona hukutuambia mapema?" Akatazama chini, akajibu, "Ningewaambia nini, Mchungaji? Kwamba mtoto anakwenda shule na hana godoro? Watu wangesema, kama hawezi godoro, shule ataiweza wapi?"

Hatukuwa na jibu. Jioni ile tulirudi nyumbani, na katika chumba cha nyuma tukaona kitu ambacho tulikuwa tukikipita kila siku. Magodoro mawili yalisimama nyuma ya mlango, ya watoto wetu waliokwisha maliza shule. Kando yake lilikuwapo sanduku la chuma, zima kabisa, na kufuli yake. Tulikuwa tumelijaza makaratasi ya semina. Mama wa nyumba yetu hakusema neno. Aliinama, akaanza kuyatoa makaratasi.

Wapenzi, mama yule aliuza amani ya nyumba yake ili anunue godoro na sanduku, wakati godoro na sanduku vilikuwa nyumbani mwa mchungaji wake, mwendo wa dakika kumi. Hakujua, na sisi hatukuuliza. Kila Jumapili tulipeana amani ya Bwana kwa mkono, na tukaenda zetu.

Jumapili iliyofuata, bila kumtaja mtu, tuliomba kila mwenye kitu cha nyumbani asichokitumia amwambie mzee wa kanisa. Yakatajwa magodoro tisa, masanduku sita, na masufuria tusiyoweza kuyahesabu. Vyote vilikuwa juu ya makabati na chini ya vitanda vya Wakristo.

Sasa tuulize, kwa nini hatuombani? Tazameni mambo ya mafuriko. Mnamo Aprili na Mei 2024, maji yalipoingia majumbani Mathare, Mukuru na mahali pengine pengi katika nchi yetu, watu walipoteza magodoro, nguo na vyombo kwa usiku mmoja. Watu wakatoa, na waliopoteza wakapokea bila kuficha uso. Kwa nini? Kwa sababu maji hayamfanyi mtu aonekane mvivu. Yamempata kila mtu. Lakini yule ambaye nyumba yake imekuwa tupu polepole, kijiko kwa kijiko, kwa ugonjwa, kwa kufutwa kazi, kwa kufiwa, huyo huona aibu. Hujiambia kwamba watu watamwona mzembe. Basi hujifungia. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ndivyo ilivyo pia kwa mficha shida. Msaada hauwezi kuzaliwa katika nyumba iliyofungwa.

Lakini tusiitupe lawama yote juu ya wahitaji. Sisi wenye kutoa tumeifanya aibu hiyo iwe nzito. Twapenda kutoa, maana mtoaji huonekana mwema. Kuomba hatupendi, maana mwombaji huonekana mdogo. Kila mtu kanisani ataka kuwa yule atoaye, na hakuna atakaye kuwa yule apokeaye. Sasa, ikiwa wote ni watoaji, ni nani atakayepokea?

Mwangalieni Bwana wetu Yesu. Pale kisimani Sikari, katika Yohana sura ya 4, aliketi amechoka kwa safari. Kisima kilikuwa kirefu, naye hakuwa na kitu cha kutekea. Yeye aliyeumba maji hakuwa na ndoo! Akamwomba mama Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye, ampe maji anywe. Kuomba huko hakukumpunguzia Bwana utukufu. Kulifungua mazungumzo, na mazungumzo yale yakauleta mji mzima kwake. Kumbukeni pia kwamba aliingia Yerusalemu juu ya mwana-punda wa mtu mwingine. Karamu ya mwisho aliila katika chumba cha juu cha mwenyeji, kilichokwisha andaliwa. Alipokufa alizikwa katika kaburi la Yusufu wa Arimathaya. Ikiwa Mwana wa Mungu alipokea chombo, mnyama, chumba na kaburi kutoka mikononi mwa watu, sisi ni nani hata tuone haya kupokea sufuria?

Hapo tena hatuna budi kuwaambia tulivyojikwaa. Baada ya yale ya mama yule, tuliweka meza kubwa nyuma ya kanisa. Tukatangaza kwamba mwenye kitu alete, na mwenye kuhitaji achukue bure. Mwezi wa kwanza vilikuja vitu vya ajabu: kiatu cha mguu mmoja, sufuria iliyotoboka, redio isiyo na kitu ndani, chupa ya chai iliyovunjika kioo. Watu walikuwa wametoa takataka zao wakahesabu kwamba wametoa sadaka. Vilikuwapo pia vitu vizuri vichache, lakini havikuchukuliwa. Wale tuliojua kwamba wana shida waliipita ile meza upesi, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya anayemdai.

Tukamwuliza mama mmoja mzee, mmoja wa nguzo za Mothers' Union katika parishi yetu, sababu ni nini. Akasema, "Mchungaji, meza mmeiweka mbele ya macho ya watu. Anayeleta anaonekana ni mwema, anayechukua anaonekana ni maskini. Nani atataka kuonekana?" Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na wewe mwenyewe, Mchungaji, hujachukua kitu pale."

Neno hilo lilikuwa hubiri kwetu. Tulikwenda nyumbani tukatafakari. Je, nyumbani mwetu hatukupungukiwa na kitu? Tulikuwa tunahitaji meza ndogo ya mtoto kufanyia kazi ya shule, nasi tulikuwa tumekwisha panga kuinunua kwa fundi. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, tulisimama tukasema, "Nyumba ya mchungaji inahitaji meza ndogo ya mtoto. Aliye nayo asiyoitumia, tunamwomba." Kanisa likanyamaza kimya. Wengine wakacheka, wakidhani ni mzaha. Jumatatu jioni mzee mmoja fundi wa viatu, ambaye jina lake lilikuwa siku zote katika orodha yetu ya watu wa kusaidiwa, alibisha hodi akiwa na meza begani. Mguu mmoja ulikuwa umetiwa msumari. Aliiweka chini, akaipangusa vumbi kwa kofia yake, akasema, "Watoto wangu walisomea hapa. Sasa wa mchungaji asomee."

Tuliipokea, na meza hiyo tunayo hata leo. Siku ile mzee yule hakuwa tena jina katika orodha yetu. Alikuwa mfadhili wetu. Na Jumapili iliyofuata watu watano waliomba.

Hili ndilo jambo tunalotaka mlishike leo, hata mkisahau mengine yote. Kupeana vitu hakutasimama katika mtaa wowote mpaka wale wanaohesabiwa kuwa nacho wajifunze kuomba, na wale wanaohesabiwa kuwa hawana wapewe nafasi ya kutoa. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho jambo hilohilo katika Waraka wa Pili, sura ya 8. Kwa wakati huu kilichozidi kwenu kijaze mahali palipopungua kwa wengine, ili wakati mwingine kilichozidi kwao kijaze mapungufu yenu, na pawe na usawa. Hakuna aliyepewa kiti cha mtoaji awe juu yake milele.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wetu waliombana moto asubuhi, jirani akaja na kigae kuchukua kaa. Waliazimana majembe, mitungi na vinu. Katika miaka ya 1960 na 1970, akina mama wa Mkoa wa Kati walijulikana kwa vikundi vyao vya mabati. Walichanga kidogokidogo wakaezeka nyumba ya mwenzao mmoja, kisha ya mwingine, hata nyumba za nyasi zikapata mabati zamu kwa zamu. Tazameni hekima yao. Kila mmoja alitoa, na kila mmoja alipokea. Hakuna aliyeweza kumcheka aliyeezekewa leo, maana kesho ilikuwa zamu yake.

Hata huko kwenye nchi tajiri watu wamelitambua jambo hili. Mnamo mwaka 2003, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona huko Marekani, Deron Beal alianzisha mpango uitwao Freecycle, ili watu wa mji mmoja wajulishane vitu vizuri wasivyovihitaji, visije vikatupwa jaani. Kanuni yake kubwa ni kwamba kila kitu kitolewe bure. Mwaka 2013, katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, wanawake wawili, Rebecca Rockefeller na Liesl Clark, walianzisha mpango mwingine uitwao Buy Nothing, maana yake usinunue kitu. Humo majirani wa mahali pamoja hufanya mambo matatu: hutoa, huomba, na hushukuru. Angalieni kwamba kuomba kumewekwa sawasawa na kutoa. Mipango hiyo miwili imeenea katika nchi nyingi. Basi ikiwa watu wa mataifa tajiri, wenye maduka kila pembe, wameona haja ya kubishiana milango, sisi tulio na ushirika wa Roho Mtakatifu tunangoja nini?

Sasa twende katika njia za kufanya, maana imani bila matendo imekufa. Twawapa yale tuliyojifunza sisi kwa kukosea.

Kwanza, kabla hujakopa ili ununue kitu cha nyumbani, uliza. Mwambie kiongozi wa ushirika wenu wa nyumbani, au mzee wa kanisa, au akina mama wa Mothers' Union. Ikiwa mtaa wenu una kikundi cha simu, andika humo kwa maneno machache: kitu gani, cha ukubwa gani, kwa lini. Usieleze historia ya shida yako. Sema tu, "Nahitaji godoro la futi mbili na nusu, aliye nalo asilolitumia anijulishe." Ngoja siku saba. Tumeona mara nyingi kitu kikipatikana kabla ya wiki kwisha, hasa mwisho wa mwezi watu wanapohama nyumba na mkokoteni haubebi vyote.

Pili, wewe mwenye kutoa, toa kitu ambacho wewe mwenyewe ungekitumia. Godoro lianikwe juani na kukaguliwa kunguni. Nguo na mablanketi yafuliwe. Sufuria isuguliwe. Kitu cha umeme kiwashwe mbele ya anayekipokea, aone kinafanya kazi. Kikiwa na ubovu, useme ubovu wake wazi. Meko na mtungi wa gesi visitolewe kabla ya mpira na kichwa chake kukaguliwa na mtu anayejua, maana zawadi isije ikageuka msiba. Kilichokufa kabisa ni takataka, wala tusimpe jirani kazi ya kututupia.

Tatu, tunza heshima ya mwenzako. Torati katika Kumbukumbu 24 iliagiza kwamba mwenye kukopesha asiingie nyumbani mwa mkopaji kuchukua rehani. Alipaswa kusimama nje, na mwenye nyumba amletee mwenyewe. Mungu aliulinda mlango wa maskini! Na Elisha alimwambia mjane ajifungie ndani. Basi usiingie nyumba ya mtu kuhesabu alichokosa. Usimpige picha akipokea. Usiseme baadaye, ukiona mtoto wake, "Koti lile lilikuwa la mwanangu." Sisi tuliiondoa ile meza nyuma ya kanisa, tukavitia vitu katika chumba kidogo karibu na vestri. Kinafunguliwa siku za juma, na anayeingia na mfuko hakuna ajuaye kama amekuja kuleta au kuchukua. Neno hilo dogo tu liliondoa aibu nusu.

Nne, tuwe na busara kama nyoka. Ukienda kuchukua kitu kwa mtu usiyemjua, usiende peke yako, wala usiende usiku. Ni heri mkutane kanisani au mahali penye watu. Mtu akikuambia kwamba kitu ni cha bure lakini utume kwanza fedha ya usafiri kwa simu, usitume. Na wewe unayechukua bure ili ukauze sokoni, jua kwamba unamnyang'anya mjane chombo chake.

Tano, vingine viazimwe, visitolewe moja kwa moja. Mjane wa Elisha aliazima, nasi tusilisahau hilo. Masufuria makubwa ya matanga na harusi, ngazi, kitanda cha mtoto mchanga, hivyo vyaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Aliyeazima arudishe kikiwa safi, na mapema. Ushirika mwingi umevunjika kwa sababu ya sufuria isiyorudishwa.

Sita, shukuru. Usishukuru kwa kujidunisha kana kwamba umeokolewa na mwanadamu. Sema ahsante, na siku utakapokuwa na kitu, ukilete.

Wapenzi wasikilizaji, hatutaki kuwadanganya. Godoro la bure halimalizi umaskini. Halileti kazi kwa kijana wala dawa kwa mgonjwa. Mjane alihitaji vyombo, lakini alihitaji pia mafuta, na soko la kuyauza, na deni lipate kulipwa. Kanisa lazima lishughulike na hayo pia. Lakini deni nyingi zinazowala watu wetu zilianza na kitu kidogo, kitu ambacho jirani alikuwa nacho juu ya kabati. Tukiweza kuufunga mlango huo mmoja, mwenye kudai atapata nyumba chache za kuingia.

Pengine mwataka kujua mwisho wa mama yule. Ndugu wa kanisa walimletea jiko, masufuria manne na viti viwili, kila mtu kwa wakati wake, bila tarumbeta. Deni alililipa polepole, kwa kufua nguo za watu na kuuza mboga, na alichukua zaidi ya miaka miwili. Alirudi kanisani. Lile sanduku letu tulilitoa makaratasi, likaenda shuleni na mtoto mwingine.

Kisha mwanawe alipomaliza shule, mama alikuja siku moja katika kile chumba kidogo. Alikuwa na godoro kichwani, na kijana nyuma yake amebeba sanduku la chuma. Alikuwa amelifua godoro kitambaa chake, akakishona upya palipochanika. Akaviweka chini, akatuambia, "Mchungaji, vitu hivi vilinigharimu nyumba nzima. Visimgharimu mwingine."

Kabla ya juma kwisha vilikwisha pata mtoto wa kuvitumia. Mzazi wake hakukopa hata shilingi.

Basi, ndugu msikilizaji, ukitoka redioni leo, fanya mambo mawili. Ingia katika chumba chako cha nyuma, utazame nyuma ya mlango na chini ya kitanda, uone ni chombo gani kitupu kinachongoja. Kisha jiulize ni kitu gani wewe mwenyewe umepungukiwa, na kabla jua halijatua kesho, mwombe jirani yako. La kwanza ni rahisi. La pili ndilo gumu, na ndilo litakalomfungulia mlango yule anayeona aibu kuliko wewe.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyemsikia mjane katika siku za Elisha, twaungama kwamba tumeviweka vyombo vyako gizani wakati ndugu zetu walikuwa wakilia. Utusamehe. Ututoe kiburi cha kutaka kutoa tu, na utufundishe kuomba kama Mwanao alivyoomba maji kisimani. Uwatazame wote ambao leo wanadaiwa na hawana la kufanya. Uwape majirani wenye macho, na milango iliyo karibu. Utufanye nyumba moja, ambayo ndani yake hakuna mkubwa wa kutoa wala mdogo wa kupokea, bali wote ni watoto walioketi mezani pako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwa herini, na Mungu awabariki.